Taa za tyubu kwa miche ya ndani: kuchagua, kufunga na kuwasha

Anayeishi Minneapolis, Toronto au Stockholm na anataka kuvuna nyanya chungu na pilipili mbuzi kabla baridi haijarudi, hana budi kusia mbegu ndani ya nyumba mwezi Machi, nje kukiwa bado na theluji. Nyanya chungu, bilinganya na pilipili huhitaji wiki 8 hadi 10 kabla ya kupandikizwa, na Minneapolis si salama kupandikiza mazao hayo kabla ya katikati ya Mei. Wiki zote hizo miche itaishi chini ya dari.

Dirisha peke yake halitoshi. Mwanga wa dirishani mwezi huo ni hafifu, hudumu saa chache na hutoka upande mmoja. Miche hurefuka kama uzi, huinamia kioo, na siku ikitolewa nje upepo wa kwanza huilaza chini. Aliye Morogoro au Nakuru hana shida hii, kwa kuwa jua analo na kitalu chake kinahitaji kivuli tu. Maelezo haya ni ya wale walio kaskazini.

Sifa ya taa za tyubu, zile za fluoresenti, ni kwamba mwanga hutoka kwenye urefu wote wa taa, si kwenye nukta moja, na joto lake ni dogo kiasi cha kuruhusu taa ikae sentimita chache tu juu ya majani. Kila ushauri ulio hapa chini unatokana na mambo hayo mawili.

Unene, urefu na wati

Namba iliyo baada ya herufi T ni unene wa tyubu, ukihesabiwa kwa sehemu za nane za inchi. T12 ina milimita 38, T8 ina 26 hivi, T5 ina 16.

T12 iache, hata ukipewa bure. Marekani ilikomesha utengenezaji wa nyingi kati yake kwa kanuni za Julai 2012, na zilizobaki ni za gereji na maghala. Hutoa mwanga kidogo kwa kila wati, huvuma na kupepesa, na katika chumba cha chini ya nyumba chenye baridi chini ya nyuzi 10 huwaka kwa shida. Kuna sababu nzito zaidi: choki (kifaa cha ndani ya fitingi kinachodhibiti umeme wa tyubu) za Marekani zilizotengenezwa kabla ya 1979 huenda zina mafuta ya PCB, sumu iliyopigwa marufuku mwaka huo. Choki kuukuu inayovuja mafuta mazito usiishike kwa mikono mitupu, na usiiweke karibu na chakula utakachokula.

T8 ndiyo ya kazi. Ya futi nne ni wati 32 Marekani na Kanada, na wati 36 Ulaya na kwingine kwenye umeme wa volti 230. Tyubu moja nzuri hutoa lumeni 2,800 hadi 3,300. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa.

T5 zipo za aina mbili, na watu wengi hapa ndipo wanapopoteza hela. Ya kawaida ni wati 28 na yenye nguvu ni wati 54. Zina urefu mmoja, takriban sentimita 115, na pini zilezile, kwa hiyo kila moja huingia kwenye fitingi ya mwenzake. Lakini balasti, yaani kifaa cha fitingi kinachodhibiti umeme wa tyubu (choki ni balasti ya aina ya zamani), hazilingani: tyubu ya wati 28 ikiwekwa kwenye balasti ya 54 itasukumiwa umeme mwingi na kufa mapema. Soma wati zilizoandikwa kwenye balasti yenyewe, si kwenye tyubu uliyoikuta imefungwa. Kati ya T5 na T8 hakuna kukosea, maana pini za T5 zimeachana milimita 5 na za T8 milimita 13.

T5 ya wati 54 hutoa karibu lumeni 4,500 hadi 5,000, na hufikia ubora wake hewa inayoizunguka ikiwa nyuzi 35. T8 hung'aa zaidi kwenye nyuzi 25 na hufifia chumba kikiwa baridi. Kama rafu yako iko chini ya nyumba ambako Machi ni nyuzi 12, tofauti hiyo utaiona kwa macho.

Kuhusu urefu, nunua futi nne. Ncha za kila tyubu zina mwanga hafifu, na kwenye tyubu ya futi mbili sehemu hiyo hafifu inakula nafasi kubwa zaidi ya trei. Isitoshe, futi nne ndizo zinazouzwa kila mahali na ndizo za bei nafuu.

Namba tatu zilizochapwa kwenye tyubu

Karibu na ncha utakuta maandishi kama 36W/840 au F32T8/850. Tarakimu ya kwanza ya zile tatu inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi: 8 ina maana ya alama za 80 na kitu. Mbili zinazofuata ni rangi ya mwanga kwa mamia ya kelvini: 30 ni manjano ya joto, 40 ni nyeupe, 50 na 65 zinaelekea buluu.

Chukua inayoanza na 8. Tyubu zinazoanza na 6 au 7, kama 640 na 765, zimepakwa ndani poda ya zamani ya kutoa mwanga. Hung'aa pungufu zikiwa mpya na huchoka upesi. Ya 36W/765, kwa mfano, hutoa karibu lumeni 2,500, ilhali 36W/840 hutoa zaidi ya 3,300 kwa umeme uleule. Tofauti hiyo ni theluthi nzima ya mwanga, na bei mara nyingi haitofautiani sana.

Kwa rangi, 840, 850 na 865 zote hufaa. Buluu iliyo nyingi husaidia miche ibaki mifupi na minene, hivyo ukiwa na uchaguzi chukua 850 au 865. Ukizikuta 840 peke yake dukani, nunua bila wasiwasi. Ushauri wa zamani wa kuchanganya tyubu moja ya manjano na moja nyeupe una maana kwa mimea utakayoiacha itoe maua humo ndani. Kwa miche ya wiki nane hauongezi kitu.

Tyubu za waridi au zambarau zinazouzwa kama taa maalumu za mimea hatuzishauri kwa kazi hii. Bei yake ni mara kadhaa ya tyubu ya kawaida, na hela hiyohiyo ingekununulia tyubu za kawaida mbili au tatu zaidi. Mche unahesabu mwanga uliofika kwenye jani, na idadi ya tyubu na ukaribu wake ndiyo inayoamua.

Ngapi zinatosha

Hesabu hii fanya kabla ya kwenda dukani. Trei ya kawaida ya miche ina upana wa sentimita 28 na urefu wa 54. Trei nne zikipangwa kwa upana hukaa chini ya fitingi ya futi nne, zikijaza eneo la sentimita 112 kwa 54, yaani mita za mraba 0.6.

Tyubu nne za T8 ni lumeni 11,200. Gawanya kwa 0.6 upate kama 18,700. Hiyo ndiyo laksi, kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu, lakini ni kama kila chembe ya mwanga ingetua kwenye trei. Sehemu hupotea pembeni na ndani ya fitingi, kwa hiyo chukua theluthi mbili: laksi 12,000 hivi. Lengo la sukuma wiki, mchicha na saladi ni laksi 10,000. Nyanya, pilipili, bilinganya na nyanya chungu zinataka 15,000. Basi tyubu nne za T8 zinatosha mboga za majani kwa raha, na zinatosha jamii ya nyanya ukizisogeza karibu sana na kuweka kadibodi nyeupe pembeni. Tyubu nne za T5 zenye wati 54 hutoa karibu laksi 20,000 kwenye eneo hilohilo, na hapo unaweza kuinua taa kidogo.

Fitingi moja yenye tyubu mbili haitoshi kwa trei zilizopangwa kwa upana. Inaangaza mstari wa katikati, na miche ya ncha zote mbili za trei huinamia ndani. Ukiwa na fitingi moja tu ya tyubu mbili, panga trei mbili kwa urefu, moja mbele ya nyingine, chini yake moja kwa moja.

Taa za mviringo za kuokoa umeme, zile za enaji seva, hutumika kwa shida. Mwanga wake husambaa kila upande, na moja ya wati 23 hufaa kimraba cha sentimita 30 tu, ikiwa na kifuniko cheupe juu yake.

Programu ya simu ya kupima laksi hutosha kulinganisha sehemu mbalimbali za trei. Weka simu kimo cha majani, sehemu ya kupokea mwanga ikitazama juu, pima katikati kisha pima kona. Kona ikiwa chini ya nusu ya katikati, zungusha trei kila siku mbili au ongeza fitingi.

Ununue fluoresenti au LED?

Swali hili haliepukiki sasa. Tyubu za fluoresenti zina zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi: za poda ya zamani ifikapo 2026 na zile bora ifikapo 2027. Umoja wa Ulaya ulishafunga mlango wa kuingiza T5 na T8 mpya sokoni Agosti 2023. Kilichopo madukani ni akiba inayokwisha.

Kama fitingi unazo, au ofisi fulani inabadilisha taa zake na unaweza kuzipata, tumia fluoresenti hadi zife. Zinaotesha vizuri kabisa. Kama unaanza bila kitu, nunua fitingi za LED za futi nne zenye rangi 4000 hadi 6500. Kanuni za umbali, saa na upangaji hazibadiliki. LED ya wati 18 hutoa lumeni 2,000 hivi tu, lakini huzielekeza zote chini, kwa hiyo kwenye majani hukaribia T8 ya wati 32.

Ukitaka kuweka tyubu ya LED kwenye fitingi ya zamani, soma boksi kwa makini. Marekani na Kanada aina A hufanya kazi na balasti iliyopo, ila siyo kila balasti, hivyo angalia orodha ya mtengenezaji. Aina B inataka balasti itolewe na waya ziunganishwe moja kwa moja kwenye hoda. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na fitingi ibandikwe maandishi ili mtu asije akarudishia tyubu ya zamani. Ulaya, fitingi ya choki na stata kwa kawaida hupokea tyubu ya LED kwa kubadilisha stata na kuweka ile inayokuja kwenye boksi. Fitingi yenye balasti ya kielektroniki hiyo njia haiikubali.

Kwa anayebaki na fluoresenti, chagua balasti ya kielektroniki. Haipepesi, haivumi, na tyubu hudumu zaidi. Usibebe fitingi ya Dar es Salaam kwenda Toronto wala ya Toronto kwenda Mombasa: ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 inaungua, na ya 230 kwenye 120 haiwaki.

Kufunga

Rafu ya chuma ya upana wa futi nne na kina cha futi mbili ndiyo bora. Fitingi zitundike kwa cheni na ndoano zenye umbo la S, upande wa kulia na kushoto, ili uweze kupandisha pingili moja baada ya nyingine. Usizikaze kwenye rafu kwa skrubu. Kama huwezi kutundika, acha taa palepale na uinue trei kwa vipande vya mbao, ukiondoa kimoja miche inapokua.

Tyubu za fitingi zako mbili ziachane kwa nafasi sawa kuvuka trei nzima. Pande tatu za rafu funika kwa kadibodi nyeupe au ubao uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Kazi hii ya dakika kumi huinua mwanga wa kona kuliko kununua tyubu ya tano.

Maji na umeme vitakuwa sentimita chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Chomeka kwenye soketi yenye swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, weka ekstensheni juu ya usawa wa trei na siyo sakafuni, na acha waya ushuke kidogo chini ya plagi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika. Mwagilia kwa kujaza maji kwenye trei ya chini, si kwa kunyunyiza juu.

Umbali na saa

Mbegu nyingi za mboga hazihitaji mwanga kuota, zinahitaji joto. Pilipili, nyanya chungu na bilinganya huota vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30 za udongo, na juu ya fitingi iliyowaka ya rafu ya chini huwa pana joto la kufaa. Siku mche wa kwanza unapochomoza, trei nzima iende chini ya taa. Usingoje iliyobaki. Siku mbili gizani zinatosha kuurefusha mche, na haurudi.

T8 ikae sentimita 5 hadi 8 juu ya majani. T5 ya wati 54 ikae 12 hadi 20, maana hiyo inaunguza. Weka mgongo wa mkono kwenye kimo cha majani kwa nusu dakika: ukisikia joto la kukusumbua, pandisha taa. Kwa tyubu ndefu iliyo karibu, ukizidisha umbali mara mbili unapoteza karibu nusu ya mwanga, kwa hiyo sentimita 5 za uvivu zina gharama kubwa.

Washa saa 14 hadi 16 kwa siku, na taima ifanye kazi hiyo badala yako. Nunua taima inayoandikwa kuwa inahimili balasti au LED. Mwanga hafifu unaweza kufidiwa kwa saa: laksi 10,000 kwa saa 16 ni sawa na 16,000 kwa saa 10. Lakini usiwashe usiku kucha. Nyanya ikikaa kwenye mwanga saa 24 majani yake hupata manjano na kudumaa. Vitunguu navyo viwekewe rafu na taima yake, saa 10 hadi 12 tu, kwa kuwa siku ndefu huviambia vianze kutunga kitunguu vikiwa bado vidogo.

Gharama ya umeme: fitingi mbili za tyubu mbili za T8 hula wati 112 hivi kwa balasti ya kielektroniki. Kwa saa 16 ni uniti 1.8 kwa siku, na kwa siku 56 ni uniti 100. Ukilipa senti 15 za dola kwa uniti, msimu mzima ni dola 15.

Ukiona hivi

Miche mirefu, shina jembamba jeupe: taa iko mbali, au chumba kina joto kuliko mwanga ulionao. Shusha taa na upunguze joto la usiku hadi nyuzi 16 au 18. Nyanya iliyorefuka inaweza kuokolewa kwa kuzikwa shina hadi karibu na majani ya mbegu wakati wa kuhamishia kwenye kopo, maana shina lake hutoa mizizi. Pilipili na sukuma wiki usitegemee hivyo, anza upya.

Majani ya juu yamepauka na kukauka madoa katikati, ya chini yako sawa: taa imekaribia mno, hasa T5. Majani yote yakiwa manjano kuanzia chini, hilo ni njaa ya naitrojeni na halihusiani na taa. Weka mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo.

Zambarau chini ya majani ya nyanya: udongo ni baridi na mizizi haiwezi kuchukua fosforasi. Inua joto la udongo kabla hujaongeza mbolea.

Miche inaanguka, shina limenyong'onyea usawa wa udongo: kinyausi, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Kuvu huyo hupenda unyevu mwingi, hewa iliyotulia na mwanga hafifu. Toa mfuniko wa plastiki mara miche inapoota, acha uso wa udongo ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, weka feni ndogo ipulize polepole, na tupa iliyougua pamoja na udongo wake.

Tyubu imekuwa nyeusi kwenye ncha na inawaka kwa kusitasita: inakufa. Kwenye fitingi ya choki badilisha stata kwanza, ni ya bei ndogo. Futa tyubu kwa kitambaa kikavu kila mwezi, zikiwa zimezimwa na kupoa.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, anza kuikomaza miche. Chini ya taa zako ilizoea laksi 12,000, na jua la adhuhuri la Mei linakaribia 100,000. Saa moja kivulini siku ya kwanza, uongeze kila siku, na jua la moja kwa moja lije baada ya siku nne au tano. Majani yaliyopelekwa juani ghafla hugeuka meupe kama karatasi ndani ya mchana mmoja.

Tyubu ikivunjika, na ikizeeka

Watoe watu na wanyama chumbani, fungua dirisha, zima mfumo wa kupasha nyumba hewa moto, na uache hewa ipite dakika 10. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi wala ufagio, kwani hurusha zebaki hewani. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, okota vumbi kwa mkanda wa gundi, pangusa kwa karatasi yenye unyevu, na yote yaingie kwenye chupa yenye mfuniko au mfuko uliofungwa vizuri, kisha uweke nje. Udongo wa trei uliomwagikiwa vioo tupa pamoja na miche yake.

Tyubu nzima iliyochoka isiende kwenye takataka za nyumbani. Manispaa nyingi za Marekani, Kanada na Ulaya zina vituo vya taka hatari vinavyozipokea, na maduka kadhaa ya vifaa vya ujenzi huzichukua pia. Zihifadhi kwenye boksi la kadibodi zilimokuja zile mpya hadi siku ya kuzipeleka.